Mocality: Daftari la Wenyeji na Hiana ya Mwaka 2012

Tangu serikali ya Kenya ilipousimamisha mradi wa Worldcoin, uliokuwa ukikusanya picha za mboni za macho ya watu, mwezi Agosti 2023, maneno yamekuwa mengi juu ya nani mwenye haki ya kumiliki taarifa za Wakenya, na wasemaji wengi huzungumza kana kwamba kadhia hii imezaliwa juzi, ilhali ilikwisha kutokea hapa nchini, kwa kishindo, katika siku za Mocality, daftari la biashara la mtandaoni.

Mataifa mengine yalijitengenezea injini zao za kutafutia habari mtandaoni: Warusi wakapata Yandex, Wachina Baidu, na Wairani, baadaye sana, Parsijoo na Yooz kwa ajili ya wasomaji wa Kifarsi. Kwetu mitambo ya kiasi hicho haikuwapo, na hata ingalikuwapo isingalipata cha kutafuta, maana kinyozi, muuza mbao na fundi wa pampu hawakuwa na tovuti. Ndiyo sababu Mocality, iliyoanza Kenya mwaka 2010 kwa mtaji wa Naspers ya Afrika Kusini, ilitegemea miguu ya watu: mawakala walipita duka kwa duka wakinakili jina, mahali na namba ya simu, wakalipwa kwa M-Pesa, hata daftari likajaa biashara zaidi ya laki moja. Fedha zilikuwa za wageni, naam, lakini jasho lilikuwa la hapa hapa.

Mwezi Septemba 2011 Google ilileta mradi wa kuwapa wafanyabiashara wa Kenya tovuti bila malipo, na haukupita muda wateja wa Mocality wakaanza kuuliza juu ya tovuti ambazo kampuni yao haikupata kuwaahidi. Kwa mujibu wa Stefan Magdalinski, aliyekuwa mkuu wa Mocality, ambaye maelezo yake ndiyo tunayoyafuata hapa, kumbukumbu za mitambo zilionyesha mgeni mmoja akilipekua daftari ukurasa baada ya ukurasa, nao watu wa Mocality wakamtegea mtego. Mwezi Desemba, katika baadhi ya kurasa alizofungua mgeni huyo, namba ya mwenye duka iliondolewa kwa siri ikawekwa namba ya Mocality yenyewe, hivyo mpigaji aliyedhani anamshawishi mwenye duka akawa anazungumza na wafanyakazi wa kampuni ile ile aliyokuwa akiichota, maneno yake yakirekodiwa, naye akidai bila haya kwamba Google na Mocality ni washirika. Upekuzi wa Kenya ulipokoma, ukazuka mwingine kutoka India. Magdalinski aliyatangaza yote tarehe 13 Januari 2012, pamoja na sauti zenyewe, na Google, kwa kinywa cha Nelson Mattos, mmoja wa makamu wa rais wake, ikakiri kwamba watu wa mradi wake walizitumia taarifa hizo isivyostahili, ikaomba radhi.

Wala Mocality haikuwa mfano pekee wa taarifa zilizotegemea wenyeji: majira hayo hayo, Lanet Umoja, karibu na Nakuru, nayo ilikuwa ikitajwa duniani kwa ajili ya chifu wake, marehemu Francis Kariuki, aliyewaarifu wakazi kwa Twitter, wenye simu za kawaida wakipokea maneno yake kama SMS. Wezi walipoivamia nyumba ya mwalimu saa kumi za usiku, ujumbe wake uliwatoa majirani vitandani na wezi wakakimbia. Na kondoo aliyepotea na kamba ya nailoni shingoni alitangazwa, akapatikana amefungwa kwenye nguzo. Sijui chombo gani cha California kingalimpata kondoo yule. Chifu huyo alifariki mwaka 2015.

Mocality yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa 2013, na yaliyofuata ni machache ya kusimulia: wafanyabiashara walihamia Facebook, kisha WhatsApp, na ramani za Google zikawa ndizo daftari la wote. Linaloniudhi ni kwamba Red Book, orodha ya walowezi na maduka yao iliyochapishwa na East African Standard katika enzi ya ukoloni, ingali ikisomwa na wanahistoria, ilhali orodha ya vinyozi na mafundi wetu, iliyokusanywa kwa miguu katika karne hii, ilizimwa pamoja na tovuti yake, wala sikusikia taasisi yoyote ya umma ikiomba nakala.