Yerusalemu Iliyookoka, Lakishi Iliyoanguka

Wahubiri wanapokisimulia kisa cha Hezekia, mfalme wa Yuda, na Senakeribu, mfalme wa Ashuru, wengi hufungua Isaya 36 na 37. Humo mambo yamenyooka: adui anakuja, Hezekia anaikunjua barua ya vitisho hekaluni, na usiku mmoja malaika analimaliza jeshi la Ashuru. Lakini 2 Wafalme 18 ina aya tatu ambazo Isaya haina. Hezekia anatuma ujumbe Lakishi, mji wa Yuda alikokuwa Senakeribu, anakiri kosa, anakubali kulipa chochote atakachotozwa. Kisha anabandua dhahabu ya milango ya hekalu ili zitimie talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Senakeribu anapokea mali, na jeshi linakuja Yerusalemu vilevile.

Bila aya hizo, nashikilia, imani ya Hezekia haieleweki. Aliyeingia hekaluni na barua mkononi alikuwa amekwisha kulipa, na ile milango aliyoipita ilikuwa imechunwa kwa amri yake mwenyewe.

Tumsikilize na adui, maana hakuwa mjinga. Amiri wa Ashuru alisimama karibu na uwanja wa dobi, akasema kwa lugha ya Wayahudi ili walio ukutani wasikie. Maofisa wa Hezekia walimsihi atumie Kiaramu. Akapaza sauti zaidi. Kejeli yake ya farasi 2,000, ambao eti Yuda haina hata watu wa kuwapanda, ni ya kawaida ya vita. Iliyo kali ni hoja yake ya dini: kwamba Mungu wa Yuda ndiye aliyemtuma Ashuru. Wasomaji wengi huipita kama uongo. Lakini Isaya 10 inaiita Ashuru fimbo ya hasira ya Mungu! Amiri alikuwa na nusu ya kweli. Kwa hiyo waliokuwa ukutani hawakuweza kujifariji kwamba Mungu yuko upande wao kwa vyovyote vile. Walitakiwa kumtumaini Yeye ambaye pengine ndiye aliyekuwa akiwaadhibu.

Na Lakishi je? Kumbukumbu za Senakeribu zinataja miji 46 ya Yuda iliyotekwa. Kuiteka Yerusalemu hazidai. Ushindi aliouchonga ukutani mwa kasri lake huko Ninawi ni wa Lakishi, na mawe hayo leo yamo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Gari la ng'ombe limesheheni mizigo, wanawake na watoto wamekaa juu yake, wanahamishwa. Kwingineko katika mchoro huohuo wanaume wametundikwa vigingini. Sioni sababu ya kudhani kwamba Lakishi waliomba kidogo kuliko Yerusalemu. Mahubiri yanayoutaja mji mmoja na kuuficha wa pili yanawaandalia wasikilizaji fedheha.

Fedheha hiyo ilikuja. Karne moja baadaye watu wa Yerusalemu walikuwa wameligeuza hekalu kuwa hirizi, na Yeremia aliposema litaharibiwa, walitaka auawe. Katika Yeremia 26 wazee fulani wanasimama kumtetea, nao wanamtaja Hezekia. Malaika hawamtaji, wala maiti za Waashuru. Wanakumbusha tu kwamba Mika alitabiri Sayuni utalimwa kama shamba, na kwamba mfalme, badala ya kumuua, aliogopa.