Buti za Kuazima: Burundi Ilipokwenda Mogadishu

Hebu msomaji chukua ramani ya Afrika uitafute Burundi. Ukiwa na kidole kinene utaifunika yote. Kilometa za mraba 27,834, bahari haina, na mwaka 2007 ilikuwa ndiyo kwanza inafuta jasho la vita. Mwaka huohuo nchi hii ikasema: sisi tunakwenda Somalia kulinda amani. Watu wakashangaa. Ati aliyekuwa analindwa jana, leo naye ni mlinzi?

Kushangaa kwao kulikuwa na sababu. Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, na nchi ikawaka. Jeshi lilikuwa mikononi mwa Watutsi, waasi wengi walikuwa Wahutu, na raia wakawa katikati. Watu wa Kigoma wanalijua hilo vizuri, maana wakimbizi walimiminika kwao. Mwalimu Nyerere akawaketisha wakubwa Arusha kuanzia 1998. Alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaishika kazi, na mkataba ukatiwa saini Agosti 28, 2000. Hata hivyo risasi hazikunyamaza. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ukapeleka Burundi askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaupokea mzigo huo.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilifunga kazi Burundi Desemba 31, 2006. Januari 19, 2007 Umoja wa Afrika ukaamua kupeleka Somalia kikosi cha watu 8,000. Hesabu mwenyewe: ni siku kumi na tisa! Nigeria na Ghana ziliahidi askari, wala hawakuonekana. Uganda ilifika Machi. Burundi nayo ilinyoosha mkono, lakini mwaka ulikaribia kwisha na vijana wake bado wako nyumbani.

Walikuwa wanangoja nini? Vitu, bwana! Nchi ilikuwa na watu wanaojua vita, lakini magari, mahema, redio na fedha za safari havikutosha. Ikabidi wafadhili wabishiwe hodi. Marekani na Ufaransa zikasaidia mafunzo, Marekani ikasaidia na vifaa, na posho za askari baadaye zikatoka Umoja wa Ulaya. Ndipo mwishoni mwa Desemba 2007 kundi la kwanza likatua Mogadishu. Kwa miaka minne hivi, Uganda na Burundi ndizo zilizoubeba mzigo ule peke yao.

Wapo wanaosema walifuata mshiko tu. Mshiko ulikuwepo, kukataa ni uongo. Katika miaka ya 2010 posho ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali ikikata kama 200, na kilichobaki kilijenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Jeshi jipya lilichanganya Wahutu na Watutsi nusu kwa nusu, watu ambao juzi tu walikuwa wanawindana msituni. Ukiwaweka kambini bila kazi wala fedha, unategemea nini? Kule Mogadishu walilala handaki moja, na adui yao alikuwa mmoja.

Gharama yake ilikuwa damu. Februari 22, 2009 Al-Shabaab walilipua kambi ya Warundi Mogadishu, wakafa askari 11. Septemba 17 mwaka huohuo makao makuu ya kikosi yakalipuliwa, na miongoni mwa waliokufa alikuwa naibu kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza. Juni 2015 kambi ya Leego ikavamiwa, wakafa makumi. Kwa miaka mingi idadi kamili ya maiti haikutangazwa. Mama wa Ngozi au Gitega alipata jeneza, taifa likapata sifa.

Halafu wahenga wakatoa ushahidi: nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza aling'ang'ania muhula wa tatu, mitaa ya Bujumbura ikachafuka, na jaribio la kumpindua likashindwa mwezi Mei. Umoja wa Ulaya ukafunga mkoba wa misaada kwa serikali, ukakataa pia posho zipitie mikononi mwake. Nani aliumia kwanza? Yule kijana kwenye handaki, aliyekaa miezi bila senti. Januari 2017 Burundi ikatishia kuwarudisha wote, na mwezi uliofuata ikapatikana njia ya kulipa kupitia benki ya biashara. Angalia basi: mfadhili alimbana rais kwa posho ya askari, rais naye akambana mfadhili kwa askari huyohuyo.

Kikosi kilibadilishwa jina mwaka 2022, na mwisho wa 2024 kikafungwa. Kingine kilichoanza Januari 2025 hakikuwa na Warundi. Miaka kumi na saba ikaisha hivyo.

Mimi siwacheki Warundi. Nchi maskini nayo ina haki ya kulipa fadhila, na wao walikuwa wamelindwa na wageni. Ila kabla hujaazima buti, uliza mwenyewe atazitaka lini, na siku hiyo nani atabaki pekupeku. Wakubwa wa Bujumbura walikuwa na viatu vyao. Ndugu zetu wa handakini hawakuwa navyo.