Bata Bukini wa Mbuga za Urambo

Masika mmoja, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili Urambo, nilisahihisha insha ya kijana wa kidato cha pili aliyekuwa akilinda mpunga wa nyumbani kwao. Alieleza kwamba alfajiri husikika kwanza mlio, kisha hupita kivuli, ndipo ndege wakubwa weusi wenye matumbo meupe wanapotua shambani. Ndege hao aliwataja kwa jina la Kinyamwezi. Nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "bata bukini", nikampunguzia alama.

Miaka mingi baadaye, nikiwafunza walimu chuoni, ndipo nilipojiuliza jina lile nililoliita sahihi lilitoka wapi.

Neno "bata" tumelipokea kutoka Kiarabu. "Bukini" ni jina ambalo Waswahili wa kale waliiita Madagaska. Bata bukini, basi, ni bata wa Madagaska: jina la mtu wa Pwani, atazamaye bahari na visiwa vya ng'ambo. Lilifikaje Urambo, mamia ya maili kutoka baharini?

Lilifika kwa miguu. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Burton na Speke waliipita mwaka 1857 na 1858. Mtemi Mirambo, ambaye jina lake limo katika jina la Urambo, aliitikisa na kuitawala sehemu kubwa ya njia hiyo hadi alipofariki mwaka 1884. Wapagazi Wanyamwezi walishuka Pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na Kiswahili. Wafanyabiashara wa Pwani waliokaa Tabora walipanda miembe na kulima mpunga. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, lugha ya njia ilikwisha kuwa na wenyeji wake.

Hivyo jina "bata bukini" lilisafiri kwa njia ile ile ya misafara. Ndege hakusafiri nalo, alikuwapo. Tena huyu wa mbugani, mwenye mwiba katika kiungo cha bawa, wataalamu hawamweki katika kundi la mabata bukini halisi, wala asili yake si Madagaska.

Hata "mbuga" ina kisa chake. Msomaji wa leo akilisikia neno hilo huwaza simba na magari ya watalii. Kwa mkulima wa Tabora, mbuga ni bonde la udongo mweusi lituamalo maji wakati wa masika. Humo yangeyange hufuata ng'ombe, kitwitwi hukimbia ukingoni, na korongo husimama kama mzee anayengoja kuitwa barazani. Upande wa magharibi ziko ardhioevu za Malagarasi-Muyovozi, za kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Huko yuko hata yule ndege adimu mwenye domo mfano wa kiatu.

Silikatai jina "bata bukini". Kiswahili kimekua kwa kupokea, na jina hilo ni kumbukumbu ya safari zetu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba neno likiwamo katika kamusi, la nyumbani halina haki ya kuandikwa. Ningaliweza kuyaacha yote mawili, moja kando ya jingine, nikamwomba kijana aeleze maana ya lake.

Insha ile naikumbuka: mlio, kivuli, matumbo meupe. Jina lile tu ndilo silikumbuki, kwa kuwa wino wangu ulilifunika. Nanyi malenga mliokulia kandokando ya mbuga, mnapotunga juu ya ndege wenu, yaandikeni majina mliyofundishwa na bibi zenu, hata kama kamusi haijayafikia.