Kuchora grafu kwa mkono

Kuchora grafu kwa mkono ni kuonyesha uhusiano wa namba mbili zinazobadilika kwa kuweka alama kwenye karatasi ya grafu kwa kutumia penseli na rula. Hufundishwa shuleni katika hisabati, fizikia na jiografia.

Historia

Wazo la kutaja mahali pa nukta kwa namba mbili lilienezwa na Mfaransa René Descartes katika kitabu chake La Géométrie cha mwaka 1637. Mwaka 1786 William Playfair wa Uskoti alichapisha grafu za biashara na fedha, ambazo ni kati ya grafu za kwanza za aina hiyo.

Karatasi na skeli

Karatasi ya grafu ina miraba midogo iliyo sawa. Katika aina moja inayotumika sana, kila mraba mdogo una upana wa milimita 1, na mistari minene hupita kila baada ya sentimita 1. Juu yake huchorwa mhimili mlalo (x) na mhimili wima (y).

Skeli ni kiasi kinachowakilishwa na kila sentimita. Mihimili miwili inaweza kuwa na skeli tofauti, lakini katika mhimili mmoja skeli ya kawaida haibadiliki njiani. Skeli nzuri huijaza sehemu kubwa ya karatasi na ni rahisi kusoma, kwa mfano 1, 2, 5 au 10 kwa kila sentimita. Skeli ya 3 au 7 husababisha makosa ya kuhesabu.

Mfano: safari ya kwenda Tabora

Msafara wa Richard Burton na John Speke uliondoka pwani, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Burton aliandika kwamba walifika Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, siku ya 134, baada ya mwendo wa maili 600, yaani karibu km 965.

Mhimili mlalo uwe wa siku (sm 1 = siku 10) na mhimili wima uwe wa umbali (sm 1 = km 100). Nukta ya Kazeh itakuwa sm 13.4 kulia na sm 9.65 juu. Mstari ulionyooka kutoka 0 hadi nukta hiyo una mteremko wa 965 ÷ 134, yaani karibu km 7.2 kwa siku.

Mstari huo ni wastani tu. Msafara ulisimama mara nyingi njiani, na siku ya kusimama huchorwa kama mstari mlalo. Kwa hiyo siku za kutembea zilikuwa na mwendo mkubwa kuliko km 7.2. Huko Kazeh wasafiri walikaa zaidi ya mwezi mmoja: kwenye grafu, mstari mlalo unaozidi sm 3.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na urefu wake kutoka Dar es Salaam ni karibu km 840. Treni inayotumia siku moja, kwa skeli ileile, hupanda sm 8.4 ndani ya milimita 1, karibu wima kabisa.

Kuunganisha nukta

Nukta zikitokana na mlinganyo, umbo la mstari hujulikana. Kwa y = x² − 2x − 3, x ikiwa −2, −1, 0, 1, 2, 3 na 4, y ni 5, 0, −3, −4, −3, 0 na 5. Nukta hizi huunganishwa kwa mkunjo laini bila rula. Mkunjo hukata mhimili mlalo kwenye −1 na 3, ambayo ni majibu ya x² − 2x − 3 = 0.

Nukta zikitokana na vipimo, kama vya msafara, mstari kati yake ni makadirio. Kadiri nukta zilivyo chache, ndivyo mstari unavyoficha mengi.

Makosa ya kawaida

* Kubadilisha skeli katikati ya mhimili.
* Kutoandika jina na kipimo cha kila mhimili.
* Kuunganisha mkunjo kwa rula.
* Kutumia penseli butu, inayofanya nukta ijaze mraba mzima.