Bonde la Msimbazi: Mchicha, Nyumba na Maji



Kila masika yanapokuwa mazito Dar es Salaam, huku kwetu Mdandu simu huanza kupigwa. Tunaulizana ni nani kati ya ndugu zetu anakaa Jangwani, nani Kigogo, nani amehamia juu. Na mara nyingi, simu ikishakatwa, husemwa: "Watu wa bondeni ni wabishi, wameambiwa wahame, hawasikii." Juma hili tumeona vema tulipime neno hilo kwa mizani ya historia.

Mto Msimbazi huanzia katika milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, nao hushuka ukipita karibu na Vingunguti, Tabata, Kigogo, Ilala na Magomeni, hata kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salenda. Si mto mrefu. Ni kilomita zipatazo 35 tu. Mbena atakayeuona wakati wa kiangazi huenda akaudharau. Lakini pale Jangwani ardhi hulala tambarare, na maji yote ya mji hukutania hapo. Ikitokea kwamba mvua ni kubwa na bahari nayo imejaa, mto haupati pa kutokea, basi hurudi majumbani mwa watu.

Sisi tunajua bonde ni kitu gani. Wazee wetu walilima vinyungu bondeni na kujenga nyumba zao mlimani; haikuhitajika sheria ya serikali kuwafundisha hivyo. Wenyeji wa Dar es Salaam nao walifanya vivyo hivyo. Msimbazi ulikuwa bonde la mpunga na mchicha, na mchicha huo ndio uliokuwa ukiliwa Kariakoo na Ilala. Ni nini basi kilichowashusha watu kutoka mlimani?

Ilianza kwa mipaka. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji katika maeneo matatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na mji wa Waafrika uliokuwa na kitovu chake Kariakoo. Jina Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waafrika walipozidi kuongezeka ikapimwa Ilala, na baada ya Vita ya Pili ikafuata Magomeni, ng'ambo ya Msimbazi. Kwa hiyo bonde, lililokuwa nje ya mji, likajikuta katikati ya mitaa miwili ya watu wa kipato kidogo.

Maisha ya mitaa hiyo yalijengwa kuizunguka nyumba ya Kiswahili. Mbele baraza, ndani ukumbi wenye vyumba kulia na kushoto, nyuma uani penye jiko, choo na kisima au bomba. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Kijana aliyetoka bara na sanduku lake alipokewa humo, akashiriki uani pamoja na Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi, akajifunza Kiswahili cha mji na namna ya kusubiri zamu ya kuoga. Mwalimu Nyerere, baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alihamia Magomeni. Nyumba yake huko leo ni makumbusho. Ndiyo kusema alishuka kutoka kwenye chanzo cha mto huu hadi karibu na mwisho wake, na viwanja vya Jangwani ni miongoni mwa mahali ambapo siasa ya uhuru ilipata masikio.

Baada ya uhuru mji ulikua kupita viwanja vilivyopimwa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliliandika bonde kuwa eneo la hatari, lakini mpango huo haukumpa kibarua wa Kariakoo kiwanja kingine cha kumtosha mfuko wake. Alichotaka ni kufika kazini kwa miguu, na chumba cha bei nafuu kilikuwa bondeni.

Zaidi ya hayo, jiji lenyewe halikuliheshimu bonde. Taka zilitupwa Tabata hadi wakazi wakaenda mahakamani. Katika kesi ya mwaka 1988 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba hairuhusu watu kufukiziwa moshi wa jalala. Ni hukumu ambayo wanasheria wa mazingira wanaitaja hadi leo. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1990 jalala lilihamishiwa Vingunguti, nako ni kandokando ya Msimbazi! Mto ukaendelea kushuka na uchafu ule ule kwa wale wa chini.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Wapo waliolala juu ya paa wakisubiri kuokolewa. Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali sana na mjini, na baadhi yao walirudi, maana kule hakukuwa na soko wala kazi, na nauli ya kwenda na kurudi ilimeza ujira wa siku. Je, huo ni ubishi? Sisi tunaona ni hesabu, tena hesabu ambayo mama yeyote wa Mdandu anayepeleka viazi mnadani angeifanya vivyo hivyo.

Mwaka 2015 unatushangaza zaidi. Mwezi Agosti, CCM na UKAWA, kila upande kwa siku yake, walizindulia Jangwani kampeni zao za urais, na umati ukajaa. Mwezi Desemba mwaka huo huo tingatinga zikaingia Mkwajuni na Suna, ng'ambo tu ya viwanja hivyo. Wapo waliotoka na leseni za makazi na risiti za kodi ya majengo mkononi. Mtu aliyepokelewa kodi yake na kufungiwa umeme wake angejuaje kwamba hatambuliki? Na Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi, karakana yao ilikuwa Jangwani, bondeni hapo hapo, nayo ikafurika mara kwa mara. Wahandisi wenye ramani na vyeti walijenga pale pale walipojenga wauza mchicha, wala hatujasikia mtu akiwaita wabishi.

(Tukumbuke pia kwa shukrani kwamba tarehe 2 Septemba 1990 Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa viwanjani Jangwani na kuwapa mashemasi daraja la upadre, kabla ya kwenda Songea kwa majirani zetu. Mwezi Septemba ni kiangazi, bonde huwa kavu.)

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo: kuchimba na kupanua njia ya mto, kuinua barabara ya Jangwani kwa daraja jipya, na kuifanya sehemu kubwa ya ardhi kuwa bustani ya jiji. Ulipaji wa fidia ulifuata, na nyumba zikaanza kubomolewa, safari hii kwa malipo. Mwenye nyumba huandikwa jina. Mpangaji wa chumba kimoja uani hufunga godoro lake, akauliza bei ya chumba Kigogo juu, Tabata au Mbagala; na baadhi ya wanaouliza ni watoto waliopandia treni ya TAZARA au basi hapa Makambako.