Shanga za Jukwaani

Kila Oktoba ikielekea kuisha, mjadala wa Halloween unaingia kwenye simu zetu hata huku Oldonyiro. Video za watoto wa Marekani waliovaa kama mizuka, vifuvu na wachawi zinazunguka, halafu watu wanaanza kubishana: je, shule za umma ziruhusu mambo haya? Mmoja anasema ni ushetani, mwingine anasema ni michezo ya watoto tu. Huku kwetu 31 Oktoba ni msimu wa mitihani, na sijawahi kuona mtoto wa hapa akivaa kinyago cha mzuka kwenda darasani. Lakini swali lenyewe si geni kwetu. Vazi lisilo sare liingie shuleni ama libaki getini? Tumelijibu swali hilo kwa karibu miaka 100, na nadhani tumelijibu vibaya.

Halloween ni usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo ni 1 Novemba. Chini yake kuna sikukuu ya kale ya Waselti iliyoitwa Samhain, na waliosaidia sana kuifikisha Marekani ni wahamiaji wa Ireland katika karne ya 19. Kule Marekani wanabishania nguo ya kuigiza: mtoto avae kitu ambacho si yeye, kwa siku moja. Sisi tunabishania nguo ambayo mtoto amezaliwa akaikuta nyumbani.

Hebu angalia kinachofanyika. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na leo shule nyingi za umma hushindana humo kwa nyimbo na ngoma za jamii mbalimbali. Msimu wa tamasha ukifika, mwalimu yule yule anayekagua sare hutuma wasichana nyumbani wakaombe shanga za mama zao. Shuka nyekundu zinatafutwa, vijana wanapakwa udongo mwekundu usoni. Nimewahi kuwa kwenye kundi kama hilo. Tuliruka adumu jukwaani na waamuzi wakaandika alama zao. Jumatatu iliyofuata, mwenzetu aliyesahau kuvua ushanga wa mkononi alitolewa mstarini. Ushanga ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba Ijumaa ulikuwa maigizo, na Jumatatu ulikuwa maisha yake.

Mazoea haya yana historia. Shule za kwanza za wamisheni zilichukulia kuvua ngozi na shanga kama sehemu ya kusoma. Ulivaa kaptura, ukapewa jina jipya, ndipo ukahesabiwa mwanafunzi. Serikali ya kikoloni nayo haikuvumilia sana mapambo na silaha za morani. Miaka ya 1930 iliwapiga marufuku morani wa Kisamburu kubeba mikuki. Na msidhani uhuru ulimaliza mambo. Nchini Tanzania, mwaka 1967 hadi 1968, serikali iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamaasai nguo za "kisasa". Aliyevaa rubega alikuwa hatarini kukatazwa kupanda basi. Serikali hiyo ilikuwa ya Waafrika, iliyojivunia utamaduni wa Kiafrika kwenye hotuba. Utamaduni wa hotuba na wa jukwaani ulipendwa. Shida ilikuwa ule wa stendi ya basi.

Kuna watu watasema, basi turudi kwenye asili yetu. Mimi neno hilo "asili" naliogopa kidogo. Shanga za kioo tunazoziita za asili zilitoka Venice na Bohemia, zikapita Zanzibar na pwani, zikabebwa na misafara hadi bara. Joseph Thomson, alipojiandaa kuingia nchi ya Wamaasai mwaka 1883, ilibidi shanga zake zitungwe upya pale Taveta kwa urefu ambao wateja wa huko walitaka, la sivyo zisingenunua kitu. Kwa hiyo bibi zetu hawakupokea tu kilicholetwa. Walichagua rangi, wakaamua ukubwa, wakakigeuza kikawa chao. Hata Waairishi walifanya hivyo na Halloween yao Marekani. Hoja ya kwamba kitu ni cha kigeni haitoshi kukifukuza, na hoja ya kwamba ni cha asili haitoshi kukiingiza.

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili. Kesi kubwa ilitoka hapa hapa kaunti ya Isiolo. Mwaka 2014 ulizuka mgogoro katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist, kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikataa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaruhusu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo wa rufani, kwa sababu kubwa ya utaratibu: ombi la hijabu halikuwa limeletwa mahakamani kwa njia inayofaa. Mwezi huo huo, msichana wa kidato cha kwanza alirudishwa nyumbani kutoka shule ya Olympic, Kibera, kwa ajili ya nywele zake za rasta. Septemba 2019 Mahakama Kuu ilisema urastafari ni dini, arudi darasani.

Kesi zote mbili zilisimama juu ya dini. Ushanga wa msichana wa Kisamburu ama wa Kiturkana si dini. Ni utamaduni, na kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 kinautaja utamaduni waziwazi. Lakini nani atampeleka nani mahakamani kwa ajili ya ushanga?

Sasa, haki ya mwalimu nayo isemwe. Kwa Wasamburu si kila ushanga ni pambo. Kuna shanga ambazo morani humpa msichana mdogo, na maana yake ni kwamba amemchukua kuwa mpenzi wake, hata kama msichana bado ni mtoto. Mzigo huo wa shingoni umewatoa wasichana wengi shuleni. Mwalimu anayesema "vua" anaweza kuwa ndiye mtu mzima wa kwanza kumwambia mtoto kwamba hadaiwi na yeyote. Nikimlaumu bila kulisema hilo, nitakuwa mwongo.

Lakini marufuku ya jumla haimlindi huyo msichana. Anavua getini asubuhi, anavaa tena jioni, na hakuna aliyemuuliza shanga hizo alipewa na nani. Mwalimu aliyezoea kuona shanga za kawaida, zile za mama na nyanya, ndiye atakayeshtuka akiona zile nyingine. Asiyetaka kuona zozote hataona tofauti.

Nchi yenyewe haijui iuweke wapi utamaduni. 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, mwaka 2021 ikawa Siku ya Utamaduni, mwaka 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Sisemi tutafute siku nyingine ya kuvaa, maana hiyo itakuwa Halloween yetu, siku moja ya kujigeuza halafu basi. Mimi nasema sare ibaki, kwa sababu inaficha umaskini wa mtoto asiye na nguo nzuri. Juu ya sare, ushanga mmoja wa nyumbani uruhusiwe, na kina mama waitwe kwenye kikao cha shule waeleze upi ni upi. Walimu waandike. Kikao kimoja tu, chini ya mti, kabla ya muhula kuanza.