Njia ya mwongo haikuwa fupi



Jumamosi iliyopita kwenye kikundi chetu cha kusoma tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga maktaba. Ubishi wote ulikuwa juu ya kitabu cha Lance Armstrong, Mmarekani wa mbio za baiskeli. Kilikuja kwenye boksi la vitabu vya msaada, tukakipenda sana. Halafu tukasoma kingine, mioyo ikavunjika. Nimeona niandike historia yake, maana inatugusa watu wa kambini kuliko tulivyodhani.

Tuanzie mbali kidogo. Mbio za Tour de France zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto ili liuze nakala nyingi. Yaani tangu mwanzo baiskeli na kalamu zilitembea pamoja, na gazeti lilihitaji mashujaa. Mwaka 1924 mwandishi Albert Londres aliandika tofauti. Henri Pélissier, mshindi wa mwaka uliotangulia, alijitoa njiani pamoja na ndugu yake Francis. Londres akawakuta kwenye mkahawa mjini Coutances, wakamwonyesha dawa walizotumia ili wavumilie mateso ya njia. Kulikuwa na kokeini ya kutia machoni, na vidonge. Akayaandika.

Mwaka 1990 Paul Kimmage wa Ireland, aliyekuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, alitoa kitabu chake Rough Ride. Alieleza jinsi dawa za kuongeza nguvu zilivyokuwa jambo la kawaida, na akakiri kwamba hata yeye alizitumia. Wengi kwenye mchezo walimkasirikia, lakini kitabu kilipata tuzo ya William Hill ya vitabu vya michezo kule Uingereza.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2000, tuzo hiyo hiyo ikapewa kitabu cha Armstrong, It's Not About the Bike. Humo anasimulia saratani iliyompata mwaka 1996 ikafika mpaka mapafuni na kwenye ubongo, kisha akapona na kushinda Tour ya 1999. Mambo ya dawa za kuongeza nguvu alikana kabisa. Dunia ikalia naye. Na sisi pia tulilia, tusidanganyane.

Lakini kulikuwa na dada mmoja, Emma O'Reilly, aliyefanya kazi ya kuwakanda misuli wachezaji wa timu yake. Aliona mambo. Mwaka 2004 alisema ndani ya kitabu cha David Walsh na Pierre Ballester kwamba mwaka 1999 vipimo vilipoonyesha dawa, iliandikwa karatasi ya daktari yenye tarehe ya nyuma ili kuficha. Nani akamwamini? Alitukanwa. Gazeti la Sunday Times lililoandika habari hizo lilishtakiwa, likamlipa Armstrong.

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, tangu 1999 mpaka 2012, alipopokonywa ushindi wake wote 7 wa Tour. Mwaka huo huo Tyler Hamilton, aliyekuwa mwenzake kwenye timu, akatoa The Secret Race, akieleza jinsi walivyotumia dawa na jinsi yeye mwenyewe alivyodanganya miaka mingi. Nacho kikapata tuzo ile ile! Januari 2013 Armstrong akakiri mbele ya Oprah Winfrey.

Hicho cha Hamilton tulitumiwa na kaka mmoja wa hapa aliyehamia Kanada. Ndipo ubishi ukaanza. Mwenzetu mmoja akasema cha Armstrong kichomwe moto. Dada mmoja, ambaye mama yake ni mgonjwa, akakishika kifuani akasema, "Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli. Mimi ukurasa wa hospitali sichomi." Tukanyamaza wote.

Mimi nilikuwa namfikiria baba yangu. Kwenye mahojiano aliulizwa tulitoka kijijini tarehe ngapi. Tulikimbia usiku, baba amembeba mdogo wangu mgongoni, nani aliangalia kalenda? Alikosea tarehe, wakamwambia maelezo yake hayaaminiki. Armstrong alikuwa na tarehe zote, na picha, na tuzo. Emma alikuwa na macho yake tu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tusichome kitabu. Tukiweke kwenye rafu, cha Hamilton kando yake, na anayeazima kimoja aazime na cha pili. Na tukisoma tuulize: nani anasema, anapata faida gani, na ni nani aliyeona lakini hakuulizwa? Maneno mazuri siyo ushahidi. Na mtu kukosa tarehe siyo uongo.

Jumamosi hii tunaendelea saa nane mchana. Asiyejua Kiingereza aje tu, nitakuwa natafsiri kwa sauti. Baba ameniambia naye atakuja kusikiliza.